HOTUBA JUU YA UGONJWA WA LUPUSI NA FIGO

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Halmashauri imeomba ichapwe humu, ili wale waliokuwa zamu siku hiyo nao waisome.)



Katibu aliniomba niseme juu ya afya. Ningaliweza kusema juu ya malaria au kifua kikuu, magonjwa ambayo kila mtu hapa ayajua. Lakini nimechagua ugonjwa ambao wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake, yaani lupusi, na hasa madhara yake katika figo. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, huwashika zaidi wanawake walio katika umri wa kufanya kazi na kulea. Pili, mgonjwa wake huitwa mvivu kabla hajaitwa mgonjwa, na hapo ndipo chama kinapoweza kumwokoa au kumwacha apotee.

Neno langu la leo ni moja tu. Ugonjwa huu ukiingia katika figo huwasha moto, na baada ya moto huacha kovu. Moto una dawa. Kovu halina dawa. Kwa hiyo kila kitu kinategemea umefika kwa daktari wakati gani, na kama umeachiwa nafasi ya kuendelea kumwona.

LUPUSI NI NINI

Katika mwili wa kila mtu mna askari, nao kazi yao ni kupigana na vijidudu viingiapo. Katika lupusi askari hao hukosea adui. Humwacha mwizi wakampiga mwenye nyumba. Hupiga viungo, ngozi, damu, mapafu, moyo na figo. Wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, na wengi wao huanza kuugua kati ya miaka 15 na 45. Wanaume nao huupata, ila ni wachache.

Ugonjwa huu hauambukizi. Waweza kula naye sahani moja, ukalala naye chumba kimoja, ukatumia naye vifaa vya kazi, usiupate. Wala hautokani na kurogwa au na mwenendo mbaya. Nasema haya kwa sababu dada zetu wengine hukimbiwa na watu kwa ujinga tu.

Dalili zake ni hizi: uchovu usioondoka hata baada ya kulala, viungo vya vidole kuvimba na kuuma, hasa asubuhi, homa za mara kwa mara, nawe ukipimwa malaria haionekani, nywele kunyonyoka, vidonda mdomoni, na vipele usoni, mashavuni na juu ya pua. Vitabu vingi huonyesha vipele hivyo vikiwa vyekundu katika ngozi nyeupe. Katika ngozi yetu mara nyingi huwa vyeusi au vya rangi ya zambarau, na mtu huweza kudhani ameunguzwa na mafuta ya kujipaka.

Kazi nayo ina sehemu yake. Jua kali laweza kuamsha ugonjwa kwa mtu ambaye tayari anao, na hili yafaa lijulikane na wote wafanyao kazi mashambani na barabarani. Tena, utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha uhusiano kati ya lupusi na vumbi la silika, lile vumbi laini litokalo katika kuvunja na kukata mawe na katika kusugua vitu kwa mchanga. Sisemi kila mvunja mawe ataugua, la. Nasema tunayo sababu nyingine ya kudai maji ya kulaza vumbi na vifaa vya kuziba pua vinavyofaa.

FIGO HUUMIA VIPI

Kila mtu ana figo mbili mgongoni, chini ya mbavu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kama milioni moja kwa wastani. Kila kimoja ni kifundo cha mishipa myembamba ya damu. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja kama lita 180 za maji ya damu, karibu yote yakarudishwa mwilini, na kiasi cha lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo. Kichujio kizuri hupitisha uchafu na kuzuia protini na damu, kama chujio la chai lipitishavyo chai na kuzuia majani.

Katika lupusi, silaha za askari wale niliowataja hushikamana na vitu vya mwili wenyewe, nazo hukwama katika vichujio hivi. Zikikwama, huita askari wengine, na uvimbe huanza. Huo ndio moto. Kichujio hutoboka, protini na damu zikavuja katika mkojo. Moto ukiachwa, kichujio hufa na mahali pake hubaki kovu gumu lisilochuja kitu. Mifereji midogo iliyokuwa ikipokea maji kutoka kichujio hicho nayo hunyauka, na nyama iliyo katikati ya mifereji hugeuka nyuzinyuzi. Wataalamu wameona ya kuwa makovu haya ya mifereji na ya nyama ya katikati hutabiri vizuri sana ni figo ipi itakayokufa baadaye. Mwili hautengenezi vichujio vipya. Ulivyozaliwa navyo ndivyo hivyo.

Jambo la hatari ni kwamba haya yote hutokea kimya kimya. Figo zenye moto wa lupusi kwa kawaida haziumi. Na kile kipimo cha damu kiitwacho kreatinini huweza kusomeka vizuri mpaka karibu nusu ya nguvu ya figo imekwisha potea. Mkojo ndio unaosema mapema: hutoa povu jingi lisiloondoka, au huwa na rangi ya chai. Baadaye miguu huvimba, uso huvimba asubuhi, na shinikizo la damu hupanda. Lakini usingoje kuvimba. Kuna kijiti cha kuchovya katika mkojo, nacho huonyesha protini na damu kwa dakika chache tu. Ni kipimo cha bei ndogo sana kuliko vipimo vingine vyote vya figo. Kila mwenye lupusi apimwe mkojo kila anapokwenda kliniki, hata akijiona mzima, kwa kuwa kati ya wagonjwa 10, kama 4 hadi 6 hupata ugonjwa wa figo.

KUCHUKULIWA KIPANDE CHA FIGO

Protini ikizidi kiasi cha nusu gramu kwa siku, kwa kawaida daktari atataka kipande cha figo. Hapa watu wengi hukimbia. Wadhani figo inatolewa. Sivyo. Mgonjwa hulala kifudifudi, mgongo hutiwa dawa ya ganzi, na daktari akiangalia kwa mashini ya picha huingiza sindano ndefu na kutoa vipande vyembamba kama uzi. Kisha mgonjwa hulazwa chali kwa saa kadhaa ili damu isitoke. Damu yaweza kutoka, na ndiyo sababu ya kumlaza na kumwangalia, lakini hatari kubwa ni chache.

Njia hii ya sindano ilielezwa na madaktari Iversen na Brun wa Copenhagen mwaka 1951. Mwaka 1957, Muehrcke, Kark na wenzao wa Chicago walitoa habari za wagonjwa wa lupusi waliochukuliwa vipande vya figo, wakaonyesha jinsi nyama ya figo inavyoharibika. Tangu hapo daktari halazimiki kukisia.

Kipande hicho hutazamwa kwa hadubini, na wataalamu hukipanga katika daraja sita, kwa mpango uliokubaliwa mwaka 2003 na kurekebishwa mwaka 2018. Daraja la 1 na la 2 ni madhara madogo. La 3 ni moto katika vichujio vilivyo chini ya nusu. La 4 ni moto katika nusu au zaidi. La 5 ni unene wa kuta za vichujio, wenye kuvujisha protini nyingi. La 6 ni pale ambapo vichujio 9 au zaidi kati ya 10 vimekwisha kuwa kovu.

Zaidi ya daraja, hutolewa hesabu mbili zilizoanzishwa na madaktari wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani miaka ya 1983 na 1984. Ya kwanza ni hesabu ya moto, kuanzia 0 hadi 24. Ya pili ni hesabu ya makovu, kuanzia 0 hadi 12. Hesabu hizi zina maana kubwa. Wanawake wawili waweza kuja na mkojo wenye protini kiasi kilekile. Mmoja ana moto mwingi na kovu dogo: huyu apewe dawa kali upesi, na figo yaweza kurudi. Wa pili moto umekwisha, limebaki kovu tupu: kumpa dawa zile zile ni kumdhuru bure, kwa maana hakuna moto wa kuzima. Kijiti cha mkojo hakiwezi kuwatenganisha hawa wawili. Kipande cha figo chaweza.

MATOKEO YAKE ZAMANI NA SASA

Mwaka 1955, taarifa ya wagonjwa wa lupusi kutoka Baltimore, Marekani, ilionyesha ya kuwa baada ya miaka minne tangu kutambuliwa, karibu nusu tu walikuwa hai. Leo katika nchi zenye matibabu mazuri, zaidi ya 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Dawa ndizo zilizoleta tofauti hiyo, pamoja na kugunduliwa mapema.

Hata hivyo, kati ya watu 100 ambao figo zao zimeingiwa na lupusi, 10 hadi 30 mwishowe figo hushindwa kabisa. Watu wenye asili ya Afrika walioko Marekani hupata ugonjwa wa figo zaidi na kupoteza figo zaidi kuliko Wazungu wa huko. Sehemu ya sababu ni urithi wa damu, na sehemu ni umaskini, bima, na umbali wa daktari. Sehemu ya kwanza hatuwezi kuipigania mezani. Ya pili twaweza.

Ni nani basi anayepoteza figo? Ni yule aliyechelewa, ambaye kipande chake cha kwanza kimekutwa na makovu mengi. Ni yule ambaye shinikizo lake la damu limeachwa juu. Ni yule ambaye moto umemrudia mara kwa mara, kwa maana kila ukirudi huongeza kovu. Na ni yule aliyeacha dawa. Kwa upande wa heri, mgonjwa ambaye baada ya mwaka mmoja wa dawa protini yake imeshuka chini ya gramu 0.7 au 0.8 kwa siku ana matumaini makubwa ya kubaki na figo zake miaka mingi. Basi mwaka ule wa kwanza ndio mwaka wa vita.

DAWA

Dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ya malaria mliyomeza zamani. Karibu kila mwenye lupusi hupewa, isipokuwa ana sababu ya kuikosa. Hupunguza kurudi kwa ugonjwa, ila macho yapimwe kama daktari atakavyopanga.

Kuzima moto hutumiwa prednisoloni pamoja na mikofenolati au siklofosfamidi. Mwaka 1986 uchunguzi wa Marekani ulionyesha ya kuwa wagonjwa waliopewa siklofosfamidi pamoja na dawa ya namna ya prednisoloni walihifadhi figo zao vizuri kuliko waliopewa hiyo ya pili peke yake. Mwaka 2002 madaktari wa Ulaya walionyesha ya kuwa dozi ndogo, sindano sita zilizotolewa kila baada ya majuma mawili, zaweza kufanya kazi nzuri pia. Kuna dawa mpya zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Baada ya moto kushuka, mgonjwa huendelea na dawa za kuulinda usirudi, na jumla ya matibabu kwa kawaida haipungui miaka mitatu.

Naomba mshike maonyo manne.

La kwanza, usiache prednisoloni ghafula. Mwili ukiizoea husahau kujitengenezea yake, na kuiacha kwa siku moja kwaweza kukuangusha. Ipunguzwe na daktari.

La pili, usinunue diklofenaki au ibuprofeni dukani kwa ajili ya viungo bila daktari kujua. Dawa hizo huongeza madhara ya figo.

La tatu, dawa hizi hupunguza nguvu za askari wa mwili. Ukipata homa, nenda hospitali siku ile ile, usingoje Jumatatu.

La nne ni kwa wanaotaka mtoto. Semeni na daktari kwanza. Mikofenolati na siklofosfamidi humdhuru mtoto tumboni, na mimba huenda salama zaidi ugonjwa ukiwa umetulia miezi sita au zaidi.

KAZI, SHERIA NA CHAMA

Sasa nafika kwenye jambo letu sisi. Sikilizeni hesabu hii. Mgonjwa anayetibiwa mapema huhitaji kliniki karibu mara moja kwa mwezi, yaani kama siku 12 kwa mwaka, na nyingine chache za sindano. Mgonjwa ambaye figo zimekufa husafishwa damu kwa mashini, na wengi nchini mwetu hufanyiwa hivyo mara mbili kwa juma, kila mara kama saa nne kitandani. Hizo ni siku 104 kwa mwaka, mpaka apate figo ya kupandikizwa au mpaka afe. Tajiri anayekataa kutoa siku 12 anajitafutia hasara ya siku 104, na mfanya kazi anajitafutiwa kaburi.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanya kazi aliyetumika miezi miwili mfululizo ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Hicho ndicho kiasi cha chini kabisa. Kwa mwenye lupusi siku hizo zaweza kumalizika katika kulazwa mara moja. Hakuna sheria iliyotukataza kupatana juu ya zaidi, na mkataba wa chama ndiyo kazi yake.

Kifungu cha 41 nacho kijulikane na kila mjumbe wa kazini. Mwajiri akitaka kumwachisha mtu kazi kwa kuwa hana nguvu za mwili, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe, na asikie maneno yao kabla ya kukata shauri. Mwanachama akiitwa ofisini kwa habari ya ugonjwa, asiende peke yake. Wala asitie sahihi karatasi ya kujiuzulu kwa kuambiwa ya kuwa ni kwa faida yake.

Tena, tazameni karatasi zenu za mshahara. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imekwisha, na mahali pake pamechukuliwa na SHA, nayo hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Fedha ikikatwa lakini haikupelekwa, mgonjwa ataijua habari hiyo mlangoni pa hospitali. Ni heri mjumbe aijue mapema.

Naomba mkutano huu ufikirie mambo matano. Kwanza, katika mkataba ujao tudai siku za kliniki kwa wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu, mbali na ruhusa ya ugonjwa. Pili, mwenye lupusi anayefanya kazi juani apewe kazi ya kivulini bila kupunguziwa mshahara. Tatu, dispensari za kazini ziwe na vijiti vya mkojo na kipimo cha shinikizo la damu. Nne, mahali penye vumbi la mawe, Kamati ya Usalama idai vumbi lipimwe na lilazwe. Tano, kila tawi liwe na mtu mmoja ajuaye habari hizi, wa kumsindikiza mgonjwa mgeni asipotee njiani kati ya dispensari na hospitali kubwa.

Na kwa kila mmoja wenu peke yake nina ombi dogo. Mkimwona mwenzenu amechoka kila siku, vidole vimevimba, uso una vipele, na nyapara ameanza kuandika jina lake katika daftari ya wavivu, msicheke. Mwulizeni kama amepimwa mkojo. Kama bado, mwambieni aende juma hili. Moto ukiwa bado mdogo, daktari ana la kufanya.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Kama kuna maswali, niko tayari.